Baba ataka suti kamili, marafiki wasema tuharibu kura: nimpigie nani?

Hamjambo wa safu.

Nina miaka 21. Agosti 2027 itakuwa mara yangu ya kwanza kupiga kura, na tayari nyumbani hakukaliki. Nashona nguo kwenye kiwanda mjini Mombasa na nimepanga chumba Mikindani, lakini nilijiandikisha kuwa mpiga kura kwetu, kaunti nyingine ya Pwani, mwendo wa saa mbili kwa matatu. Makarani wa tume ya uchaguzi, IEBC, walipokuja sokoni kwetu nilikuwa likizo.

Baba yangu ni mtu wa mrengo mmoja tangu sijazaliwa. Anataka sote tupige suti, yaani karatasi zote sita kwa chama kimoja kutoka juu hadi chini, tusimwangushe mtu wetu. Ami yangu ni wakala wa chama hicho kituoni, na ameshaniambia atanitumia nauli mradi nimpige picha karatasi nikishatia alama. Ami huyo huyo ndiye huingia na bibi kwenye kibanda cha kura kwa kuwa macho ya bibi yamefifia, na hakuna ajuaye bibi humpigia nani.

Kazini mambo ni kinyume. Wenzangu walioandamana barabarani Juni 2024 wanasema yeyote aliyekuwa na cheo wakati wa Mswada wa Fedha, ule wa kodi, aende nyumbani: rais, gavana, seneta, wote. Shoga yangu wa karibu yeye anasema tuchorechore karatasi zote sita, iwe ujumbe.

Mimi yanayoniuma ni madogo. Zahanati yetu hukuandikia dawa kwenye kikaratasi ukanunue dukani. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu na amekosa basari mara mbili. Barabara ya kutoka kwetu hadi kwenye lami hukatika kila masika. Kila mwanasiasa anayepita anasema atayamaliza yote matatu. Sijui hata naamini nini, sembuse nimpigie nani. Nifanyeje bila kugombana na baba?

Mwenye Kura Sita, Mombasa

JIBU

Mwanetu, kabla ya kuuliza nani, uliza wapi. Kati ya karatasi sita utakazopewa, tano hufuata mahali ulipojiandikisha: gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wa wadi, yaani MCA au diwani. Ya rais pekee ndiyo ile ile popote ulipo Kenya. Kwa hiyo ukipigia kura kwenu, huna neno juu ya taka na maji ya Mikindani; ukihamia Mombasa, huna neno juu ya zahanati ya bibi. Hesabu miezi 12 iliyopita: ulitibiwa wapi, ulipita barabara ya nani, mtu unayemlipia ada anasoma wapi. Yote matatu uliyoandika yako nyumbani, kwa hiyo sisi tungekuacha huko huko. Ukiona vingine, fika mwenyewe na kitambulisho chako halisi kwenye afisi ya IEBC ya eneobunge unakotaka kuhamia. Fanya hivyo mapema, maana uchaguzi ukikaribia usajili na uhamisho hufungwa, na kila mwaka wa uchaguzi kuna watu wanaofika mlangoni wakiwa wamechelewa.

Ukibaki nyumbani, nauli iwe yako. Weka akiba kidogo kidogo kuanzia sasa. Uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti, na safari hii ni tarehe 10. Nauli ya ami ingekuwa msaada wa jamaa kama isingekuwa na sharti. Akishasema "mradi", imekuwa hongo, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabia kosa anayetoa na anayepokea pia. Picha ya karatasi ndiyo risiti ya biashara hiyo. Usiipige.

Sasa tuingie kwenye kazi za viti, maana hapa ndipo wanasiasa wanapowachezea watu. Katiba ya 2010 iligawa majukumu katika Jedwali la Nne, kurasa chache tu, na zinasomeka. Tuchukue mambo yako moja moja.

Zahanati ni ya kaunti: jengo, wauguzi, dawa. Mwenye kuulizwa ni gavana, na mwenye kumuuliza gavana kwa niaba yako ni MCA, kwa sababu bunge la kaunti ndilo linalopitisha bajeti. Dawa nyingi kaunti hununua kwa KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, na kaunti yenye deni kubwa huletewa mzigo kwa kuchelewa. Lakini tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF, kuna mkono wa serikali kuu pia: matibabu ya ngazi ya zahanati hulipwa kutoka mfuko wa taifa, na mfuko ukichelewa kulipa, zahanati hukauka hata kama gavana ni malaika. Ndiyo maana usitosheke na "dawa hakuna". Muulize muuguzi msimamizi mambo matatu: mzigo wa mwisho uliingia lini, zahanati inaidai SHA miezi mingapi, na je, pesa ambazo zahanati inakusanya hubaki hapo hapo? Sheria ya mwaka 2023 inataka zibaki kituoni. Zikiwa zinapelekwa makao makuu ya kaunti na hazirudi, umeshapata swali la kumuuliza gavana na kila anayetaka kiti chake, na hawezi kukujibu kwa wimbo.

Basari ina matundu matatu. Kuna ya mbunge, inayotoka NG-CDF, mfuko wa maeneobunge; kuna ya mwakilishi wa kike, inayotoka mfuko wa NGAAF; na kuna ya kaunti, ambayo madiwani hupenda kuiita yao. Shule ya sekondari yenyewe ni jukumu la serikali kuu, walimu wakiwa wa tume ya walimu, TSC, na hapo ndipo mzozo ulipoanzia: Mahakama Kuu mwaka 2024 iliamua kwamba sheria ya NG-CDF inakiuka katiba, na Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti akazitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu kabla ya kutumia pesa zake kwa basari za shule ambazo si zake. Kwa hiyo anayekuahidi basari lazima aeleze ni kutoka mfuko gani na kwa sheria gani. Mwaniaji wa useneta akikuahidi basari, huyo hana tundu hata moja. Na kabla hujamlaumu mtu, ifuatilie fomu ya mdogo wako. Nyingi hukwama kwa mambo ya karatasi: muhuri wa shule umekosekana, nambari ya usajili wa mwanafunzi si sahihi, au imepelekwa wadi ambayo mzazi hakai.

Barabara ndiyo ngumu zaidi kwa sababu wenyewe hawajakubaliana. Barabara kuu ni za taifa, za vijijini kwa kawaida ni za kaunti, na katikati kuna KeRRA, mamlaka ya serikali kuu ya barabara za vijijini. Wabunge na magavana wamevutana hadi mahakamani juu ya KSh10.5 bilioni za ushuru wa matengenezo ya barabara, kila upande ukisema ni zake. Njia rahisi ya kujua yenu ni ya nani ni kuangalia nani aliwahi kupitisha greda hapo mara ya mwisho: kibao cha mradi huandikwa jina la mwenye kulipa. Kama hakuna kibao, andika barua.

Barua tunasema kwa maana. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba habari kwa afisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, bila kueleza sababu, na afisa anatakiwa akujibu ndani ya siku 21. Barua yenye mistari mitano inatosha: jina la barabara, kutoka wapi hadi wapi, iko chini ya nani, imetengewa kiasi gani mwaka huu wa fedha, na mkandarasi ni nani. Wengi hukosea kwa kuomba "habari zote kuhusu maendeleo ya wadi", wakapewa kitabu au wasipewe chochote. Omba kitu kimoja. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa siku ya kupokelewa, kwa sababu wakinyamaza, malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala huanzia kwenye muhuri huo.

Hao wenzako wa kazini nao wana haki ya kukasirika, ila hasira yao imevuka mpaka wa kaunti. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipigiwa kura na Bunge la Taifa tu. Mnamo Juni 25 waliounga mkono walikuwa 195 na waliopinga 106. Kesho yake Rais akasema hatautia saini. Maseneta hawakuupigia kura, kwa kuwa mswada wa pesa hauendi Seneti. Magavana na madiwani hawana kura humo kabisa. Lakini mwakilishi wa kike alikuwemo, na huyu ndiye watu humsahau wakidhani kazi yake ni kugawa mahema na viti: ni mbunge kamili mwenye kura sawa na wale 290 wa maeneobunge. Basi ukitaka kipimo cha 2024, ni cha karatasi mbili kati ya sita, pamoja na ile ya rais ambaye serikali yake ndiyo iliyouleta. Orodha ya majina iko kwenye taarifa rasmi za bunge. Mtafute wako, uone alikuwa upande gani, au kama hakuwepo siku hiyo, jambo ambalo nalo linasema kitu.

Umeandika kwamba hujui unaamini nini. Si ajabu. Vyama vyetu havisaidii: ilani zao zikifunikwa majina, ni wachache wangezitambua. Machi 9, 2018 Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walisalimiana baada ya uchaguzi uliokuwa umegawanya nchi, na 2022 mmoja akampigia debe mwenzake. Machi 7, 2025 chama cha William Ruto, UDA, na cha Odinga, ODM, wakatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja, baada ya kupambana vikali miaka mitatu tu kabla. Hatusemi ni vibaya viongozi kupatana. Tunasema mtu ambaye imani yake ni "upande wa fulani" atajikuta anahama kila fulani anapohama, na asubuhi anamtetea mtu aliyemtukana jana.

Fanya hivi. Chukua karatasi uandike sentensi tatu zinazoanza na "Serikali yapaswa". Usiandike kumi. Halafu kila moja uibebeshe gharama. Tuseme umeandika "Serikali yapaswa kumtibu kila mtu bila malipo mlangoni." Sasa hivi mshahara wako unakatwa asilimia 2.75 kwa SHA. Je, ungekubali wakukate zaidi ili bibi apate dawa? Ukisema ndiyo, wewe ni mtu wa kupanua huduma za umma, na utafute mwaniaji anayesema wazi pesa zitatoka wapi. Ukisema la, zilizopo zinatosha ila zinaibwa, basi imani yako si matibabu ya bure bali uwajibikaji, na mtu wako ni yule mwenye rekodi ya kukagua na kukataa malipo mabovu. Watu hawa wawili hutumia maneno yale yale jukwaani. Bila kujipima kwa gharama huwezi kuwatofautisha.

Kisha ubadilishe mhusika. Jambo unalolisifu kwa mtu wa mrengo wa baba, lingekufurahisha likifanywa na mtu wa mrengo mwingine? Kama jibu linageuka, hiyo sentensi ni mapenzi ya mrengo tu, ifute. Mwisho zipange: kama pesa zinatosha moja tu, ni ipi? Hapa ndipo watu hukwama, na ukikwama ujue umefika mahali penyewe. Tumia siku mbili tatu. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Ukishapata sentensi zako, ndipo uende kwa watu. Kwa aliye madarakani usisome ilani, soma hesabu. Kuna nyaraka mbili za kaunti ambazo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua. Ya kwanza ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inayotolewa kila mwaka kwa kila kaunti. Maoni yake huwa ya aina nne: hesabu safi, hesabu zenye kasoro katika maeneo fulani, hesabu zisizoonyesha hali halisi, na mbaya kuliko zote, mkaguzi kushindwa kutoa maoni kwa kukosa nyaraka. Usiishie kwenye neno hilo. Shuka hadi sehemu ya sababu, usome anachotaja: malipo bila stakabadhi, miradi iliyolipwa na haipo, madeni ya wanakandarasi. Ila tahadhari: ripoti haisemi fulani ameiba, inasema hesabu hazikukaa sawa. Wapinzani hupenda kuigeuza kuwa hati ya wizi.

Ya pili ni ripoti ya Msimamizi wa Bajeti. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka kaunti itenge kwa maendeleo si chini ya asilimia 30 ya bajeti, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kutenga ni rahisi, kila mtu hutenga. Angalia kilichotumika. Kosa la kawaida ni kuchukua ripoti ya robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, ukaona maendeleo karibu sufuri, ukapiga kelele. Robo hiyo huwa kavu karibu kila mahali kwa sababu mgao kutoka Hazina ya Taifa huchelewa. Chukua ripoti ya mwaka mzima, na uweke miaka mitatu pamoja. Kaunti inayojenga mwaka wa mwisho tu kabla ya uchaguzi utaiona hapo hapo.

Mbunge, seneta na mwakilishi wa kike hupimwa kwa kazi ya bungeni: alisema nini, alipiga kura vipi, alileta mswada gani. Shirika la Mzalendo huchapisha tathmini yao kila mwaka, na inasaidia, ingawa inahesabu maneno kuliko uzito wake; mtu anaweza kusimama mara 50 kushukuru Spika. Seneta mwulize swali moja: katika mgao wa pesa za kaunti na katika vikao vya kuhoji matumizi ya magavana, alimbana gavana wetu juu ya nini? Akikwambia alijenga, hajui kazi yake.

Kwa mgeni asiye na rekodi, usihangaike na ahadi bali angalia kama ahadi inaendana na kiti. MCA anayeahidi kuajiri walimu wa sekondari, gavana anayeahidi kushusha bei ya unga nchi nzima, mbunge anayeahidi dawa zahanati: hao ama hawajui, ama wanajua na wanakudanganya. Na cheti cha IEBC cha kuruhusiwa kugombea usikichukulie kuwa cheti cha usafi. Mwenye kesi, hata aliyehukumiwa, huruhusiwa mpaka rufaa zake zote ziishe.

Sasa suti ya baba. Tusimdharau mzee, ana hoja. Gavana asiye na watu kwenye bunge la kaunti hupata taabu. Meru mwaka 2022 walimchagua gavana aliyegombea bila chama. Madiwani wakapiga kura ya kumtimua zaidi ya mara moja, hadi Agosti 2024 Seneti ilipokubaliana nao, na mwaka 2025 naibu wake akaapishwa kuchukua kiti. Hapo kuna mafunzo mawili: idadi ya madiwani ni nguvu, na kura ya gavana ni kura ya watu wawili, kwa hiyo msome na naibu. Taita-Taveta nao mwaka huo huo walichagua gavana asiye na chama, kwa hiyo jambo hilo linawezekana, ila lina gharama. Upande wa pili wa hoja baba hausemi: MCA wa mrengo mmoja na gavana, aliyeingia kwa upepo wa gavana, mara nyingi hawezi kumhoji. Ukaguzi wa bajeti ya zahanati yenu unategemea diwani anayeweza kusema hapana.

Ushauri wetu, na ni maoni yetu: anza na karatasi ya MCA, ufanye kazi kuelekea juu. Wadi ni 1,450 nchi nzima. Mwaka 2022 wapiga kura waliosajiliwa walikuwa 22,120,458, yaani wastani wa elfu 15 hivi kwa wadi, na si wote hujitokeza. Hapo kura yako ina uzito ambao haina mahali pengine. Halafu gavana. Hawa wawili wakipatikana vizuri, jambo lako la zahanati limepata wenyewe.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi hawaizingatii. Viti vitano vya chini huchukuliwa na anayeongoza, hata kwa kura moja, hata kwa asilimia 30. Ukimpigia mtu wa tano kwa mapenzi tu, umewaachia wengine waamue kati ya wawili wa mbele. Kama mmoja wa hao wawili huwezi kumvumilia, fikiria upya. Rais ni tofauti: lazima apate zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 au zaidi, la sivyo kuna duru ya pili kati ya wawili. Tangu katiba hii ianze kutumika duru hiyo haijawahi kufika, ingawa 2013 mshindi alipita kwa asilimia 50.07. Kwa hiyo katika duru ya kwanza ya urais una nafasi zaidi ya kufuata moyo, hata mwaniaji wako akiwa wa tatu.

Na shoga yako mwambie hivi: Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa hazihesabiwi katika kutafuta asilimia ya mshindi. Ukichorachora karatasi, haupandishi hata kizingiti. Mwaka 2022 William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211. Vituo vilikuwa 46,229. Gawanya: ni kura tano kwa kituo. Watu wa zamu moja ya kiwandani kwenu wangeijaza tofauti ya vituo kadhaa. Hata hivyo hulazimiki kujaza zote sita. Kama kiti kimoja hukumpata wa kumpa, tumbukiza karatasi hiyo bila alama. Itakataliwa yenyewe peke yake, na nyingine tano hazidhuriki.

Kuhusu baba, usimpe uongo na usimpe orodha. Kura ni siri kwa sheria, na jibu la heshima lipo: "Baba, nimekusikia na nimeyatia maanani. Nikifika kibandani nitaamua." Halafu badala ya kubishana juu ya watu, mwulize juu ya kazi: zahanati iko chini ya nani, diwani wetu alisema nini bajeti ilipopita? Wazee wengi hulainika wakiulizwa kuliko wakikosolewa, na huenda ukamkuta anakubaliana nawe kwenye karatasi mbili tatu. Msifanye mazungumzo hayo ami akiwepo.

Ami na bibi ni jambo zito zaidi ya nauli yako. Mpiga kura asiyeona vizuri ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua yeye, lakini msaidizi huyo hawezi kuwa mwaniaji wala wakala. Ami ni wakala, kwa hiyo hafai, liwe jema au baya analoliandika. Tena msaidizi hujaza fomu ya kiapo cha kutunza siri na haruhusiwi kusaidia zaidi ya mtu mmoja. Bibi akikosa mtu, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala, na hapo siri inapungua. Ni bora uingie naye wewe, au mjukuu mwingine mwenye miaka 18 au zaidi, kama bibi mwenyewe akitaka. Mwulize akiwa peke yake, wiki moja kabla: anamtaka nani kwenye kila kiti? Mfanyie mazoezi ya majina na alama za vyama. Mkiwa ndani, msomee zote kwa sauti ya chini, aseme, utie alama anayosema, hata akimtaja yule usiyempenda.

Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliyekwisha kuwa kwenye foleni wakati huo hupiga kura. Chukua kitambulisho kile kile ulichojiandikishia. Majina yako sita yaandike kwenye kijikaratasi, maana ya gavana na ya rais utayakumbuka, ya diwani yatakuponyoka ukiona sura 12 kwenye karatasi moja. Alama moja, ndani ya kisanduku cha mtu mmoja; usitie saini wala kuandika jina lako. Ukikosea, usifute na usitumbukize: irudishe kwa msimamizi akupe nyingine. Kila karatasi ina rangi yake na sanduku lake, hivyo angalia kifuniko kabla hujaachilia.

Simu iache imezimwa. Utaihitaji usiku: matokeo ya rais ya kituo chenu, Fomu 34A, hubandikwa mlangoni baada ya kuhesabu, na mwaka 2022 kila mtu aliweza kulinganisha nakala ya mlangoni na ile iliyopandishwa kwenye tovuti ya IEBC. Picha hiyo mtumie ami.